Kope za Mkamwana Wangu

Neno lenyewe ni blefaroplasti. Nimekaa nalo miaka mingi, na mpaka leo nikilitamka mbele ya wazee wenzangu hapa Kinyala wanacheka, maana linagoma kukaa mdomoni. Maana yake si ngumu. Ni upasuaji wa kope. Daktari anakata ngozi iliyozidi juu ya jicho, au anaondoa mafuta yaliyovimba chini yake, kisha anashona. Wapo wanaofanyiwa ili waonekane vijana, na wapo wanaofanyiwa ili waone. Nilipata siku moja ya kuwaeleza watu tofauti hiyo, tena nikiwa nimesimama na kamusi mkononi. Sikuieleza. Aliyeumia ni mke wa mwanangu.

Kwa msomaji asiye wa huku, sharti nieleze kwanza desturi yetu. Kwetu mke wa mwana humwogopa baba mkwe. Si woga wa kupigwa, ni heshima, lakini ni heshima yenye masharti magumu. Hamtazami usoni. Hazungumzi naye. Halitaji jina lake. Haingii chumba alichomo. Akimwona anakuja njiani anaacha njia, anaingia migombani na kujifunika khanga mpaka mzee apite. Wakiwa na la kuambiana, linapitia kwa mama mkwe. Wakristo wengi walikuwa wameanza kuilegeza desturi hiyo, na wachungaji hawakuwakataza. Nyumbani kwangu haikulegezwa. Mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Nilikuwa mtu wa kupenda kila kitu kikae mahali pake.

Mkamwana wangu hakuzaliwa Mnyakyusa. Baba yake alikuwa mwalimu kutoka Singida aliyehamishiwa Tukuyu, na binti alikulia pale mjini. Mke wangu ndiye aliyemfundisha desturi yetu, akaishika kuliko wasichana walioikuta kwao. Alikaa na mwanangu katika nyumba ndogo upande wa chini wa shamba letu. Nilizifahamu khanga zake zikiwa juani. Nilizifahamu ndara zake mlangoni kwa mke wangu, na nikiziona nilizunguka nyuma ya nyumba. Nilikuwa hata namjua kwa mwendo, kwa jinsi majani makavu ya migomba yalivyolia alipokuwa anakimbia kunipisha. Uso wake sikuujua.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, soko lilipofunguliwa. Tukuyu ilijaa mitumba na vitu vya dukani ambavyo hatukuwa tumeviona. Sabuni zilinukia mpaka barabarani. Zikafunguliwa saluni karibu na soko, na mkamwana wangu akapata kazi katika moja ya hizo, kusuka na kuweka dawa nywele. Mwanangu alikuwa fundi umeme, anashinda Kiwira. Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika, mpima kahawa. Nilikuwa na elimu ya sekondari, na kwa umri wangu hilo halikuwa jambo dogo. Barua ya Kiingereza ikifika kijijini ililetwa kwangu. Kanisani nilikuwa mmoja wa wazee wa baraza.

Baraza letu lilikuwa na kazi nyingi siku zile. Wasichana walikuwa wanajichubua kwa mkorogo, wananyoa nyusi na kuzichora upya kwa penseli. Tulikaa, tukakubaliana kwamba atakayejibadilisha mwili kwa dawa au kwa kisu atengwe, asikaribie Meza ya Bwana mpaka atubu. Mimi niliunga mkono kwa maneno mengi. Nilitoa mfano wa akina mama wa Kikisi wanaoleta vyungu sokoni kutoka ziwani, nikauliza ni chungu gani kiliwahi kujifinyanga upya. Wazee walitikisa vichwa. Nilipenda sana kutikisiwa vichwa.

Habari ya mkamwana wangu ilianzia saluni. Mke wa mzee mmoja wa baraza alikuwa anasukwa, akatazama juu, akaona kovu jembamba katika mkunjo wa kope ya msusi wake. Akauliza. Yule binti, bila kuficha, akamwambia alipasuliwa Dar es Salaam akiwa bado shule, na akamtajia jina kama alivyolisikia kwa madaktari. Kabla hajamaliza zamu yake siku hiyo, neno lilikuwa limeshafika kanisani.

"Blefa nini?" aliuliza mwenyekiti wetu.

"Blefaro. Sijui plasta."

"Hilo jina la ugonjwa au la pepo?"

Wazee wakacheka. Mmoja akasema kwa vyovyote haliwezi kuwa la Kinyakyusa, kwa hiyo tusihangaike, karani yupo. Wote wakanigeukia. Nilisema nitalitafuta.

Nilikwenda kuazima kamusi kwa muuguzi mmoja wa kituo cha afya, mtu wa kutoka kanda ya Ziwa aliyekuwa amepanga jirani. Neno nikalipata. Maelezo yalikuwa mafupi: upasuaji wa kurekebisha kope, mara nyingi kwa ajili ya urembo. Nilisoma nikiwa nimeinua kidevu, kwa sababu wakati huo kope zangu mwenyewe zilikuwa zimeanza kushuka na bado nilikuwa nawaambia watu ni uchovu. Lakini nilisoma vizuri. Nataka hilo lieleweke. Sikudanganywa na macho yangu.

Siku ya baraza mvua ilikuwa kubwa, na ofisi ya kanisa ilikuwa na bati tupu bila dari, ikabidi tupige kelele ndiyo tusikilizane. Aliitwa. Alifika mlangoni akajua mimi nimo. Akasimama palepale. Akatugeuzia mgongo, akajifunika khanga kichwa na mabega, uso akauelekeza kwenye mwimo wa mlango. Mvua ilikuwa inamlowesha upande mmoja.

"Ingia, mama," mwenyekiti alimwambia.

Hakuingia. Hakuna aliyeshangaa; wote tulikuwa Wanyakyusa mle ndani. Mzee aliyeketi kando yangu, mkubwa kuliko sisi wote, akaniinamia sikioni, akaniita baba kwa lugha yetu.

"Tata, toka kidogo. Mtoto aseme."

Nikamjibu, "Nikitoka, nani atawasomea?"

Ndivyo nilivyosema. Nikasimama, nikafungua kamusi. Nikasoma kwa Kiingereza kwanza, ili wasikie. Kisha nikawatafsiria: upasuaji wa kurekebisha kope kwa ajili ya urembo. Yale maneno mawili, "mara nyingi", niliyaacha kitabuni. Nikijiuliza leo kwa nini, sipati jibu la kunipendeza. Sentensi ilikuwa nzuri zaidi bila hayo. Halafu tayari nilikuwa nimesikia habari, nikawa naisomea kamusi kile nilichokwisha kukiamini.

"Mama, umesikia?" mwenyekiti akauliza. "Ni kweli ulipasuliwa kope?"

Khanga ikatikisika juu chini.

"Kwa ajili ya urembo?"

Haikutikisika. Tulisubiri. Bati lilikuwa linapiga kelele. Nami nilikuwa nimesimama, kitabu mkononi, hatua chache kutoka kwa mtu ambaye kwa amri yangu mwenyewe hakuruhusiwa kufungua kinywa mbele yangu.

"Kama si kweli angekataa," alisema mmoja.

Akatengwa.

Baada ya hapo maisha yaliendelea. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Wanaume wetu huketi upande mmoja na wanawake upande mwingine, lakini benchi la waliotengwa lilikuwa moja tu, kando ya mlango. Mimi nilikaa mbele na wazee, kwa hiyo alikuwa nyuma ya mgongo wangu, na desturi haikuvunjika. Nilijiambia nimefanya haki hata kwa mtu wa nyumbani kwangu. Watu waliniambia hivyo pia.

Kope zangu zikazidi kushuka. Ngozi ya juu ililegea ikawa kama kitambaa kilichooshwa mara nyingi, ikalalia kope za chini. Ili nione mizani nilirudisha kichwa nyuma na kukunja paji la uso mpaka kichwa kiume.

"Karani," wakulima walinitania, "tangu lini unatutazama kwa pua?"

"Mwacheni, amekuwa mkuu wa wilaya."

Nilicheka nao. Lakini ushirika ulikuwa unakufa. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao, wakulima wakawafuata, na mimi nikawafuata wakulima. Nikaomba kazi ya kupima kwa mnunuzi mmoja. Wakala wake, kijana mwenye koti la ngozi la mitumba, hakunijua. Siku ya kwanza tu akapiga makofi mbele ya uso wangu.

"Mzee! Unalala kazini?"

"Silali, bwana. Nakuona."

"Unaniona nini? Umefumba macho!"

Nikawa nafanya kazi huku mkono mmoja nimeshikilia kope ya kulia. Kwa mkono uliobaki niliandika, lakini gunia nilishindwa kulishika. Nikajaribu plasta ya kidonda, nikaibandika kutoka kwenye kope mpaka kwenye paji. Nikitoka jasho ilibanduka. Wakala akaniambia niende nikatibiwe, nikirudi naona atanipokea, nikirudi vilevile nisipoteze nauli.

Daktari wa macho alikuwa akija wilayani kwetu mara mojamoja kutoka Mbeya. Alinimulika, akazivuta kope zangu kwa vidole, akaziachia.

"Mboni nzima kabisa, mzee. Ni pazia tu limeshuka."

"Nipe ya matone, daktari."

"Pazia halipandi kwa matone. Tunakata kidogo, tunashona. Inaitwa blefaroplasti."

Nilirudi nyuma kwenye kiti. Akadhani naogopa kisu.

"Hiyo si ya urembo?" nikamuuliza.

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma."

Alicheka, si kwa dharau. "Umesoma kweli, lakini umeishia njiani. Akija mama mwenye uwezo wake anataka mikunjo ipungue aonekane binti, nitaandika neno hilo. Ukija wewe huoni mizani, nitaandika hilohilo. Tena kuna watoto wanazaliwa msuli wa kope hauna nguvu, jicho limefunikwa. Ile ina jina lake, lakini hata hao utasikia wauguzi wanawaita wagonjwa wa blefaroplasti."

"Sasa mtu atatofautishaje?"

"Si unamuuliza mgonjwa mwenyewe?"

Nilirudi nyumbani kwa mguu kutoka barabarani, nimeinua kidevu ili nisijikwae. Mke wangu alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikamwambia alichosema daktari, yote. Alimenya ndizi moja mpaka mwisho, akaitumbukiza kwenye maji.

"Basi ugonjwa wako ni kama wa mkamwana wako," akasema.

"Yeye ana ugonjwa gani?"

"Alizaliwa kope zimefunika macho. Ya kushoto haikufunguka kabisa. Baba yake aliuza ng'ombe kwao Singida ndiyo akampeleka Dar."

"Wewe umejua lini?"

"Tangu alipoolewa."

"Na hukuniambia!"

"Uliniuliza?" Hakupaza sauti. "Ulipitia hapa na kitabu cha watu kwapani, nikakuuliza unakwenda wapi, ukasema mambo ya baraza hayasemwi jikoni."

Nilikuwa nimesema hivyo.

Sasa hapa ndipo ningeweza kwenda kwa mwenyekiti siku ileile. Sikwenda. Nilikwenda Mbeya kupasuliwa, na nilipowaaga wazee nikawaambia nakwenda kutolewa mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho kila mtu anaujua. Ni ugonjwa wa heshima, mzee hana aibu nao. Nilirudi na macho yamevimba kama niliyepigana kilabuni, na uvimbe ulipoisha nikawa naona. Niliona migomba kwa rangi zake. Niliona kwamba mke wangu amezeeka. Wakala akanipokea kazini.

"Lo! Mzee amerudi kijana," walisema wakulima. "Unataka kuongeza mke?"

"Hilo jicho la kuonea wachumba hilo."

Nilicheka nao tena, na ndani nilikuwa naumia. Kila aliyenisifu alikuwa anasifu kitu kilekile kilichomfukuza mkamwana wangu mezani. Jumapili niliketi mbele na macho yangu mapya, nikapokea mkate na kikombe. Nyuma ya mgongo wangu lilikuwepo benchi lile. Sikuthubutu kugeuka. Desturi ilinikataza kugeuka, na kwa mara ya kwanza niliishukuru desturi kwa sababu mbaya.

Kisha mkamwana wangu akajifungua mtoto wa kike. Kanisa letu lilikuwa na utaratibu: mtoto habatizwi mpaka wazazi wote wawili wawe kundini. Wazazi wa rika lake walibatiza watoto wao, wakachinja, wakapika mbalaga, ndizi za kuchanganya na nyama, wakaalika majirani. Wetu akawa anakua hivihivi. Mwanangu alikuja jioni moja, tukaketi barazani. Hakunilaumu, na ningependelea anilaumu.

"Baba, mimi sina la kusema. Lakini mtoto anaanza kukaa."

"Naona."

"Mama yake hataki niende barazani kumsemea. Anasema mtasema namkingia kifua."

"Nitaliangalia jambo hilo."

"Baba, uliangalie lini?"

Nilikwenda kwenye baraza lililofuata. Niliwaambia yote: kope zangu, Mbeya, uongo wa mtoto wa jicho, maneno mawili niliyoyaruka. Yule mzee mkubwa aliinama akatazama miguu yake. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, na alihangaika kweli.

"Neno ni lilelile?"

"Lilelile."

"Na kisu ni kilekile?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe unatuweka wapi, mzee mwenzetu? Tukikuacha, tumemwonea yule binti. Tukimrudisha leo kwa maneno yako, watu watasema baba mkwe amemwombea. Yule lazima aje aseme kwa kinywa chake. Na wewe," alinigeukia, "na wewe tutakuweka nyuma, mpaka haya yaishe."

Nilikubali. Nilitoka pale nimepungukiwa na mzigo. Nilifikiri kwamba nikiketi benchi la nyuma watu wataona, na yeye ataona, na hilo litakuwa namna ya kumwomba radhi, kwa kuwa kwa maneno nisingeweza kamwe.

Jumapili nikawahi. Nikaketi benchi la nyuma, karibu na mlango, nikiwa nimevaa koti langu la uzee wa kanisa. Watu walikuwa wakiingia wananiona, wengine wanainamisha vichwa. Kengele ya mwisho ikalia. Nikasikia ndara zake kwenye kokoto, zinakuja, zinakuja, kisha zikakoma.

Alikuwa ameniona.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Benchi lilikuwa moja. Asingeweza kuketi benchi moja na baba mkwe wake, si mbele ya kanisa zima, si hata kama mimi ningemwambia aketi. Na kumwambia nisingeweza. Ndara zikarudi nyuma. Ibada nzima alisimama nje chini ya upenu, mtoto mgongoni, na mvua ya Rungwe haihitaji sababu ya kunyesha. Nilimsikia mtoto akilia. Wanawake walinong'ona wakiwa ndani:

"Sasa hata benchi la nyuma linamshinda."

"Kiburi cha saluni hicho."

Sikuweza kusimama nikatoka, maana mlango ulikuwa mmoja na yeye alikuwa amesimama hapo. Nikabaki. Kila wimbo ulikuwa mrefu.

Nyumbani mke wangu hakuketi kula nami.

"Umemtoa nje mara ya pili," akasema.

"Nilitaka kumsaidia."

"Najua ulitaka. Ukitaka kumsaidia, ondoka alipo. Hujaona bado? Kila unapokaa wewe, yeye anafungwa mdomo."

Utaratibu wetu ulisema aliyetengwa ahudhurie ibada bila kukosa, aketi nyuma, mpaka baraza liridhike. Asiyeketi hahesabiwi. Kwa hiyo nikiingia mimi, yeye hahesabiwi. Akiingia yeye, mimi sihesabiwi. Nilikwenda kwa mwenyekiti kumwomba tupewe mabenchi mawili. Akasema akifanya hivyo kila mtu atataka benchi lake, na kwamba desturi ya ukwe si ya kanisa, yule binti yuko huru kuketi popote. Alisema kweli. Lakini uhuru huo tulikuwa tumemnyang'anya sisi, mimi na mke wangu, tena tukamsifu kwa kuwa hakuutumia.

Basi nikatoka. Kila Jumapili nilifika mapema kabla yake, nikapita nyuma ya kanisa mahali watu walipoegesha baiskeli, nikasimama pale kwenye ukuta ambapo hakuweza kuniona. Nilipomsikia anakuja nikiwa bado njiani nilijificha migombani mpaka apite. Nilikuwa mzee mwenye mvi, niliyewahi kuwa mzee wa kanisa, nimejikunyata kwenye majani mabichi nikimpisha mke wa mwanangu. Suruali ilikuwa inalowa mpaka magotini. Niliimba nyimbo kutokea nje, kwa sauti ndogo.

"Ugonile, mzee," jirani mmoja alinisalimu akiegesha baiskeli yake. "Siku hizi unalinda baiskeli?"

"Nalinda."

"Basi yangu iangalie vizuri, breki yake mbovu."

Wengine hawakutania. Walisema nimekataa adhabu ya kanisa, nimekasirika kuvuliwa uzee. Sikuwajibu. Kujibu kungerudisha jina lake midomoni mwa watu.

Baraza likamwita tena, na safari hii sikuwa chumbani. Sikuwa hata uwanjani; nilikaa nyumbani, nikawasha mkaa wa pasi, nikapiga pasi shati ambalo lilikwisha kupigwa. Mke wangu alimsindikiza. Aliporudi alivua viatu kwanza, akavigonga kutoa tope.

"Ameingia ndani?" nikauliza.

"Ameingia. Ameketi kwenye kiti."

"Amesema?"

"Amesema mpaka mwenyekiti akamwomba apumzike." Mke wangu alikuwa anatabasamu. "Wamemuuliza alipasuliwa ili iwe nini. Akawaambia, ili nione ubao. Akasema shuleni alikuwa anainua kidevu ndiyo aone, walimu wakamchapa wakidhani ni kiburi."

Niliweka pasi chini.

"Yule mzee wenu mkubwa akamuuliza, mbona siku ile hukusema? Akasema, siku ile baba alikuwemo."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Hakusema baba alikosea. Alisema ulikuwemo."

Alirudishwa. Mtoto akabatizwa Jumapili iliyofuata, na mimi nilikuwa kule nyuma penye baiskeli, kwa sababu nilikuwa bado nimetengwa na benchi la nyuma lilikuwa pale mlangoni ambapo wangepita. Nilisikia mtoto akilia maji yalipomgusa, na watu wakicheka kwa furaha. Mimi nilirudishwa baadaye sana. Uzee wa kanisa sikuurudia, na sikuuomba.

Nilidhani sasa tutakaa. Lakini siku ileile ya ubatizo mkamwana wangu aliomba kwa mwenyekiti wahamishiwe usharika wa Mbeya. Mwanangu alikuwa amepata kazi huko, ndiyo, lakini Mbeya si mbali nasi, na wengi walikuwa wakifanya kazi Mbeya huku familia zikikaa huku. Mwanangu aliponieleza alitaja nauli, alitaja shule za mjini. Nilimwambia ni uamuzi mzuri. Hakutaja baraza na mimi sikumlazimisha.

Siku ya kuhama, pikapu iliyobeba vyombo vyao ilisimama barabarani karibu na nyumba yangu ili waage. Mwanangu aliingia ndani akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Kisha akatoka, maana mkewe alikuwa anakuja kumuaga mama mkwe uani, na mimi ilibidi nibaki ndani. Nilijifungia chumbani, nikafunga na dirisha. Nikaketi kitandani gizani mchana kweupe.

Ndipo nikasikia sauti yake. Tangu aolewe sikuwahi kuisikia. Ilikuwa sauti nene kidogo, ya mtu anayesema haraka, na alikuwa anacheka. Mke wangu alikuwa anawapa majogoo wa kupeleka, na mmoja alikuwa amemponyoka.

"Mama, mwache huyo, tutamla sikukuu!"

"Aku, shika mguu huo!"

Walihangaika, wakamkamata. Kisha sauti ikashuka, ikasogea karibu na ukuta. Hakuweza kujua kama nilikuwa nyuma ya ukuta huo. Au alijua.

"Mama, umwambie baba avae kofia pana. Jua la mchana linauma kwenye kovu. Na asisugue, hata likiwasha. Mimi la kwangu liliwasha mwaka mzima."

"Nitamwambia."

"Na mafuta ya nazi kidogo, usiku."

Nilisimama. Nilikuwa na la kujibu, hata kama ni ndaga tu, asante ya kwetu. Lakini kwa utaratibu niliouweka mwenyewe, jibu langu lingepitia kwa mama yake mkwe, na mama alikuwa anamfunga jogoo miguu, na dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari.